Siku nne kwa jahazi kutoka Tanga hadi Maziwe: matembezi yake na vyakula vyake

Mimi na mume wangu tulitimiza miaka 25 ya ndoa mwezi wa tisa uliopita. Badala ya kualika watu na kuinjika masufuria ya pilau nyumbani kwetu Ngamiani, tulikubaliana kwamba fedha tulizokuwa tumeziweka akiba zitumike kwa safari ya siku nne na usiku tatu kwa jahazi, kutoka Tanga kwenda Pangani na Maziwe na kurudi, ambayo huandaliwa na kampuni moja ya hapa mjini. Jina la kampuni hiyo silitaji, kwa sababu sehemu ya ninayoyaandika ni malalamiko ambayo tumekwisha kuyapeleka ofisini kwao na bado tunasubiri jibu. Ninawaandikia wanandoa wenzetu wa Tanga, Muheza, Korogwe na kwingineko ambao huenda wanadhani kwamba safari za namna hii ni za wageni kutoka Ulaya peke yao. Pwani hii ni yetu kwanza, na inafaa kutembelewa nasi. Ila yapo mambo ambayo mtu anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha yake.

Tulilipa shilingi 1,100,000 kwa watu wawili. Kwa maelezo tuliyopewa, bei hiyo ilijumuisha malazi, vyakula vyote, mwongozaji na matembezi manne ya nchi kavu, yaani Kisiwa cha Toten, magofu ya Tongoni, mji wa Pangani na fungu la mchanga la Maziwe. Jahazi lenyewe ni zuri. Ni chombo cha mbao chenye mlingoti mmoja, tanga kubwa la pembe tatu na mashine ya dizeli, kimetiwa kalafati vizuri katika maungio ya mbao, na ngama yake, yaani sehemu ya chini kabisa ndani yake, ilikuwa kavu. Jaketi okozi zilikuwa mpya na zilitutosha sote, abiria wanane na watu watano wa chomboni, na nahodha hakung'oa nanga mpaka kila abiria alipomwonyesha kwamba anajua kuifunga ya kwake. Mume wangu, ambaye amefanya kazi bandarini kwa zaidi ya miaka ishirini, alizunguka kutoka omo hadi shetri, yaani mbele hadi nyuma ya chombo, akigonga mbao kwa kidole, kisha akaja kukaa kando yangu na kusema, "Mama watoto, hiki ni chombo cha kweli." Kuanzia hapo sikuwa na wasiwasi wowote juu ya usalama wetu, na mpaka tunarudi sikupata sababu ya kuwa nao.

Kuhusu Toten sina mengi. Ni kisiwa kilicho ndani ya ghuba, mbele ya mji, na jina lake ni la Kijerumani lenye maana ya wafu, kutokana na makaburi yaliyomo. Yapo pia magofu ya misikiti ya kale ambayo vichaka vimeyafunika kiasi kwamba mtu asiyeonyeshwa anaweza kuyapita. Tulishuka wakati maji yamekupwa, tukavuka tope la mikoko tukiwa tumeshika viatu mikononi, na hakuna aliyekuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba tungehitaji viatu vya kulowana. Tulikaa dakika arobaini, na zilitosha. Kwa mtu aliyekulia Tanga akikitazama kisiwa hicho kutoka Raskazone miaka yote bila kukikanyaga, ilikuwa furaha kugeuka na kuutazama mji kutoka upande wa pili.

Tongoni ni habari nyingine kabisa. Kwa barabara ya Pangani magofu hayo hayazidi kilomita 20 kutoka mjini, na nilikwisha kuwapeleka wanafunzi wangu huko mara tatu kwa basi nilipokuwa ninafundisha historia, lakini sikuwa nimewahi kuyafikia kwa njia ambayo wenyewe waliojenga waliifikia, yaani kwa bahari. Tulipita nje ya visiwa vya Yambe na Karange, mashine ikipambana na kusi, ule upepo utokao kusini, tukaingia katika ghuba ya Mtangata mnamo saa tisa na nusu alasiri, maji yakiwa yamejaa. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, na maji yalitupeleka kwa mashua ndogo mpaka karibu kabisa na ukingo wa kijiji bila mtu kulowana zaidi ya kifundo cha mguu. Nahodha ndiye aliyekuwa ameamua kwamba Toten iwe asubuhi na Tongoni iwe alasiri, kinyume cha ratiba ya ofisi, na uamuzi huo mmoja ndio uliotuletea tembezi bora kuliko yote ya safari hii.

Mwongozaji wa kampuni, kijana mwenye adabu na lugha nzuri ila asiye na habari nyingi za pwani hii, alifanya jambo la busara: alinyamaza na kumwachia mzee msimamizi wa magofu. Mzee yule tulimwamkia, akatukaribisha kivulini kwanza, akatuuliza tunatoka wapi na ni watu wa nani, kisha ndipo akaanza kutembea nasi taratibu. Alituonyesha msikiti na kibla chake, na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ni ya nguzo, ambayo wataalamu huyaweka katika karne ya 14 na ya 15. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka na kulala kando ya makaburi yake. Alitushika mkono mmoja mmoja ili tutie vidole katika vishimo vya mviringo ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya kaure kuwa pambo la marehemu. Alijua ni ukuta upi uliokuwa umesimama wakati yeye ni mtoto. Richard Burton, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1857, aliyaona magofu haya na kuyaandika. Lakini kumsikiliza mtu ambaye babu zake wamezikwa kijiji kilekile, akieleza ni upande gani maji yameula ufuko na ni kaburi gani watu bado huja kulisomea dua, ni jambo ambalo kitabu hakikupi. Mume wangu na wanaume wengine wawili walisali alasiri msikitini kijijini, na tulipoondoka jua lilikuwa limeanza kuingia nyuma ya minazi.

Nikiwa mwalimu wa historia sikuweza kuitazama ghuba ile bila kukumbuka machungwa. Mwezi wa nne mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael ilikwama katika mafungu ya pwani hii, na shajara ya safari ile inaeleza kwamba wenyeji waliwaendea kwa mitumbwi wakiwa na machungwa, ambayo mwandishi aliyasifu kuwa ni bora kuliko ya Ureno. Mwaka uliofuata, wakirejea na mabaharia wachache mno kwa sababu ya vifo vya maradhi, waliichoma moto meli hiyohiyo papa hapa kwa kukosa watu wa kuiendesha. Nilikuwa ninawasimulia wenzetu habari hiyo tukirudi chomboni, na tulipopanda tukakuta meza imeandaliwa, na juu ya meza kuna juisi ya pakiti.

Sina budi kusimama hapa kidogo, kwa maana chakula cha usiku ule kilinihuzunisha. Muheza ni mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka bandarini, msimu wa machungwa ulikuwa haujaisha, na mtu aliyelipa fedha nyingi anapewa juisi iliyosafirishwa katika boksi. Pamoja na juisi kulikuwa na chipsi zilizokwisha kulainika kwa kukaa ndani ya bakuli lililofunikwa, vipande vya kuku wa kukaanga, soseji, na kabichi iliyochanganywa na mayonezi. Hakikuwa chakula kibovu, wala hakuna aliyeumwa tumbo. Kilikuwa tu chakula ambacho mtu anaweza kukipata stendi ya mabasi mji wowote wa nchi hii, nacho kilikuwa kinaliwa mbele ya Mtangata, huku taa za wavuvi zikiwashwa moja baada ya nyingine juu ya maji.

Wakati huohuo kutoka shetrini ilikuwa inatujia harufu ya nazi na pilipili. Niliinuka nikaenda kutazama. Mabaharia walikuwa wameketi kulizunguka sinia la bada, ule ugali wetu wa muhogo, pamoja na bakuli la mchuzi wa papa uliokolea tui, na kachumbari iliyokatwa nyembamba ikakamuliwa ndimu. Mpishi, mtu wa makamo mzaliwa wa Kigombe, alisimama kwa haraka kama mtu aliyekutwa na kosa.

"Mama, samahani, hiki ni chakula chetu sisi mabaharia."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimelelewa kwa chakula hiki. Kama kinatosha, nikaribisheni."

Walinisogezea nafasi, nikanawa nikala nao, na baada ya muda mfupi mume wangu naye akaja, kisha maharusi wawili kutoka Korogwe, na hatimaye meza ya chipsi ikabaki na watu wawili. Mchuzi ule ulikuwa umepikwa na mtu anayejua kazi: papa alichemshwa kwanza akavuliwa ngozi na kuchambuliwa, akakaangwa pamoja na vitunguu na bizari, na tui zito likatiwa mwisho kwa moto mdogo ili lisikatike. Nilimuuliza mpishi kwa nini hawapikii abiria hivyo. Akajibu kwa upole kwamba orodha ya vyakula hutoka ofisini ikiwa imeandikwa siku kwa siku, na ofisini wanaamini kwamba mgeni aliyelipa hapendi kuwekewa muhogo. Sisemi kwamba ofisi ilifanya hivyo kwa nia mbaya. Ninasema kwamba wana mpishi hodari na wamemfunga mikono, na hasara ni ya mgeni.

Usiku uleule abiria wote wanane tulikubaliana, tukamwomba mwongozaji apige simu ofisini ili mpishi aruhusiwe kupika atakavyo kwa siku zilizobaki. Walikubali, kwa sharti kwamba gharama isizidi. Haikuzidi. Kesho yake, tulipokuwa mbele ya Kigombe, mpishi aliwapungia mkono wavuvi waliokuwa wanarudi na ngarawa yao, akanunua changu na tasi wakiwa bado wanapapatika, na saa saba mchana tukala samaki wa chukuchuku: maji, chumvi, ndimu, kitunguu, pilipili mbichi iliyopasuliwa kidogo tu, bila tone la mafuta, pamoja na wali mweupe. Ni chakula cha dakika ishirini, na hakikubali udanganyifu, kwa sababu samaki aliyelala hujulikana mara moja. Mume wangu alikunywa mchuzi uliobaki kwa kikombe. Kigombe, kwa wasiojua, ni mojawapo ya vijiji ambavyo wavuvi wake wamewahi kumtoa katika nyavu za maji marefu yule samaki wa kale aitwaye silikanti, ambaye wanasayansi walidhani alikwisha kutoweka duniani mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Na tangu mwaka 2009 bahari hii tuliyokuwa tunaipita ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Habari hii tuliipata kwa nahodha. Mwongozaji hakuitaja, na ninaona ni upungufu, kwa sababu ni jambo ambalo mgeni wa Tanga angelikumbuka maisha yake yote.

Pangani tulifika mchana, chombo kikatia nanga nje ya mlango wa mto, nasi tukaingia kwa mashua. Tembezi la mjini lilikuwa la haraka mno. Tulionyeshwa Boma la zamani na milango yake ya kuchongwa, tukapita mtaa wa maduka ya kale ya orofa, tukasimama kivukoni tukitazama watu na baiskeli zao wakivuka kwenda Bweni, na yote hayo yalichukua kama saa moja na robo, kwa sababu mwongozaji alikuwa anahesabu dakika za kutufikisha nyumba ya wageni. Jina la Abushiri bin Salim alilitaja kwa sentensi moja. Nilimwomba asimame, nikaeleza mwenyewe kadiri nilivyoweza: kwamba ilikuwa hapa Pangani, mwezi wa nane mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotaka kupandisha bendera yake, ndipo watu walipokataa, kwamba vita vilienea pwani yote, na kwamba Abushiri alinyongwa katika mji huuhuu mwezi wa kumi na mbili mwaka 1889. Maharusi wa Korogwe walikuwa hawajui kwamba alinyongwa hapa. Kijana mwongozaji alisikiliza kwa makini na baadaye akaniomba nimwandikie miaka hiyo katika daftari lake, jambo lililonifanya nimheshimu. Upungufu si wake peke yake. Mtu hupewa kazi ya kuongoza bila kupewa muda wa kujifunza, na katika mji ambao hauna uhaba wa wazee wanaojua, ingetosha kampuni kumlipa mmoja wao saa mbili kama ilivyokuwa Tongoni.

Jioni ilirekebisha yote. Mto Pangani unaotiririka kutoka Kilimanjaro na Meru unaingia baharini hapa, na maji ya kujaa yalitusukuma juu taratibu kiasi kwamba kijana wa mashua alizima mashine na kutumia kasia. Upande mmoja mikoko, upande wa pili minazi iliyoinamia maji, na ngedere wakishuka kunywa. Hakuna aliyetuelezea kitu, na hakuna aliyehitaji maelezo. Ninaitaja kwa ufupi kwa sababu sina la kuongeza: kama una mwenzi ambaye hamjakaa kimya pamoja kwa muda mrefu, ombeni safari hii ya mto. Nyumba ya wageni ilikuwa safi, yenye feni na chandarua kizima, na chakula cha usiku kilikuwa pilau ya kawaida.

Sasa Maziwe, ambako ndiko kulikokuwa kilele cha safari katika maelezo ya kampuni, na ndiko tulikovunjwa moyo.

Maziwe ni fungu la mchanga lililo baharini kusini-mashariki ya Pangani. Wazee wa huku wanakikumbuka kisiwa kamili chenye mivinje, na kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutaga, hata kikatangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na mawimbi yakamaliza kazi. Leo ni mchanga mtupu ambao huonekana maji yakikupwa na kuzama maji yakijaa, na wakati wa bamvua, ambapo maji ya pwani hii hupanda zaidi ya mita tatu, huzama kabisa. Kwa hiyo kwenda Maziwe ni kwenda kwa saa ya maji. Usiku wa Pangani nahodha alisema mbele yetu sote: "Kesho maji yatakupwa kabisa saa tano, na kusi litakuwa usoni mwetu. Tuondoke saa mbili." Mwongozaji akajibu kwamba ratiba inasema kifungua kinywa ni saa tatu na kuondoka ni saa nne. Mume wangu alimuunga mkono nahodha na akaeleza kwa nini, nasi tukasema tuko tayari kuondoka na chai ya rangi na maandazi mkononi. Haikusaidia. Ofisi ilipopigiwa simu ilisisitiza kwamba kifungua kinywa kimekwisha kulipiwa. Asubuhi kifungua kinywa hicho kilichelewa, mafuta ya mashine nayo yakachelewa, tukang'oa nanga saa tano kasoro robo, wakati ambapo fungu lilikuwa wazi lote na hakuna mtu juu yake.

Kusi lilikuwa usoni kama alivyosema. Chombo kilipanda na kushuka kwa zaidi ya saa mbili, bi harusi wa Korogwe akatapika mpaka akaishiwa nguvu, na mpishi akamtengenezea maji ya tangawizi kwa kijiko kama mtu anayemlisha mtoto wake. Tulifika baada ya saa saba. Fungu lililobaki lilikuwa na ukubwa wa uwanja wa shule, kisha ukumbi, kisha chumba. Jamvi na miavuli ya chakula cha mchana vilitandikwa, na kabla wali haujapakuliwa maji yalikuwa yanalamba ncha ya jamvi. Tukabeba kila kitu na kurudi chomboni. Dakika arobaini. Katika dakika hizo niliona maji ambayo sijapata kuona mfano wake, ya kijani iliyopauka juu ya mchanga mweupe na ya buluu nzito pale mwamba unapoanguka, na samaki wa rangi wakipita kati ya miguu yangu. Na ni kwa sababu niliyaona ndiyo maana ninalalamika. Aidha, tulipokuwa tunakaribia ndipo tulipoambiwa kwamba kiingilio cha eneo tengefu hakimo katika bei na kila mmoja alipe papo hapo. Kiingilio ni halali na sina kinyongo nacho, kwa maana hifadhi inahitaji kutunzwa. Kukificha mpaka abiria wako katikati ya bahari si halali.

Nahodha hakusema neno la kutukumbusha kwamba alituonya. Alituomba radhi, yeye ambaye hakukosa, kisha akageuza chombo kuelekea Ushongo, ambako kwa mujibu wa ratiba tungelala chomboni baada ya kula biskuti na chai. Mpishi akamwomba ruhusa ya kushuka pwani. Walichotufanyia watu hawa wawili jioni ile ndicho kinachonifanya niandike kwa moyo mkunjufu.

Ushongo ni ufuko mrefu wenye minazi, na ndiko mayai ya kasa waliotaga Maziwe huhamishiwa ili yasife kwa kufunikwa na maji. Mmoja wa wanakijiji wanaolinda viota alitupeleka kuviona, vikiwa vimezungushiwa uzio mdogo, akatueleza namna shimo jipya linavyochimbwa kwa kina kilekile na mayai yanavyobebwa bila kupinduliwa. Tembezi hili halikuwamo katika ratiba wala katika bei, na lilikuwa la pili kwa ubora baada ya Tongoni. Tuliporudi, mpishi alikuwa amekwisha kuwasha makumbi na vifuu vya nazi mchangani. Alikuwa amenunua kolekole wawili wakubwa, akawapasua mgongoni, akawapaka kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili, akawaacha walowane. Vijana wa kijiji walikuna nazi kwa mbuzi, naye akachuja tui zito, akalipika na ukwaju na bizari mpaka likawa rojo, na kila samaki alipogeuzwa juu ya moto alipakwa tena, na tena, mpaka ngozi ikawa na rangi ya dhahabu yenye madoa meusi. Moshi wa vifuu una utamu wake ambao mkaa hauna. Tulikula kwa mkate wa kumimina alioupika kwa moto wa juu na chini, na baada yake machungwa ya Muheza ambayo mume wangu alikuwa ameyanunua mwenyewe sokoni Pangani, kisha kahawa chungu na kashata. Bi harusi wa Korogwe, aliyekuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, alikula sahani mbili. Nahodha na mabaharia walikula pamoja nasi, duara moja, na hapakuwa na chakula cha wageni na chakula cha mabaharia.

Siku ya nne kusi lililotutesa lilikuwa rafiki. Tanga lilitwekwa alfajiri, mashine ikazimwa, na kwa saa nzima na zaidi hakukusikika ila maji yakipasuliwa na omo. Tuliingia ghuba ya Tanga alasiri.

Je, ningemshauri mwenzangu aifanye safari hii? Ndiyo, na kwa msisitizo, kwa ajili ya chombo, nahodha, mpishi, Tongoni na Ushongo. Lakini asilipe kabla ya kuuliza maswali manne. Aulize siku ya kwenda Maziwe maji yatakupwa saa ngapi, na aombe saa ya kuondoka ipangwe na nahodha. Aulize viingilio vipi havimo katika bei. Aulize kama mpishi anaruhusiwa kununua samaki njiani. Na aulize ni nani atakayemtembeza Pangani. Kampuni ambayo itajibu maswali hayo bila kusitasita inastahili fedha yake, na ya kwetu ingeweza kuyajibu yote kwa watu ilionao tayari, bila kuongeza hata shilingi moja.

Malalamiko yetu tuliyaandika kurasa mbili tukayapeleka kwa mkono, nami nikaambatanisha barua ya pili ya kumsifu mpishi na nahodha ili isije ikadhaniwa kwamba hasira yetu ni juu yao. Mume wangu amekwisha kuchukua jedwali la maji na kuweka alama katika siku mbili za mwezi wa tisa ujao, ambapo maji yatakupwa karibu na saa nne asubuhi. Nahodha amempa neno kwamba kama ni yeye atakayekuwa usukanini, tutakuwa juu ya mchanga wa Maziwe kabla fungu halijamaliza kukauka.